Jina Lililofutwa Ubaoni

Waitaliano wachache waliobaki Troyeville, mtaa wetu hapa Johannesburg, walituachia ukumbi wa klabu yao bure. Mimi Ruphin, fundi cherehani na kocha wa timu ya kanisa letu, nikakuta humo ubao wa chaki na, juu yake, picha ya Ettore Valbusa.

Selemani wa Tanga, anayefagia pale, ndiye aliyenipa habari zake. Valbusa alikuwa beki huko kwao enzi mpira bado mchanga, kisha akawa meneja, akaja Johannesburg akatwaa vikombe vitatu. Kabla ya fainali ya nne, winga wake alilalamikia moyo. Valbusa akampanga hivyo hivyo, kijana akafia uwanjani. Hakupanga tena timu maisha yake yote.

"Kocha, yule mzee bado yumo humu," Selemani aliniambia.

Nikamcheka. Nimetoka Bukavu, nitishwe na mzimu wa Kizungu?

Wiki ya fainali yetu, Joël, mshambuliaji wangu, mtoto wa jirani yangu Mama Orpha, alinifuata. "Papa Ruphin, kifua inanikaza wakati napanda ngazi."

"Ni hii Joburg, iko juu sana. Utazoea tu." Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumatano niliandika majina kumi na moja. Alhamisi nikakuta la Joël limefutwa, mengine salama. Nikaliandika upya. Ijumaa limefutwa tena, na ufunguo ninao mimi peke yangu; hata Selemani hufagia nikiwa nimemfungulia.

Akili yangu ikaenda ilikozoea. Kwetu timu haifungwi, inarogwa. Nikaamini wapinzani wetu wa Bertrams wametutumia uchawi kupitia ile picha. Jumamosi nikamwita pasta, tukafunga kula, tukauwekea ubao mikono, tukamkemea Valbusa mpaka sauti zikakauka: toka, usirudi tena!

Nikaliandika jina la Joël mara ya tatu, na Jumapili lilikuwepo, jeupe kabisa. Nilifurahi, mjinga mimi.

Dakika ya thelathini ya fainali alianguka bila kuguswa na mtu. Alikata roho kabla ya ambulensi kufika.

Mama Orpha hakupiga kelele. Aliuliza tu kama mtoto alikuwa amesema anaumwa. Nikamwambia yote, hata habari ya ubao, kwa sababu nilishindwa kuubeba uongo mbele ya macho yale.

"Na huyo mwenye alikuwa anafuta jina?"

"Tulimfukuza, Mama. Akatusikia."