Apoka Alivyozikwa kwa Barua Pepe

Kwa miaka minne, anwani ya barua pepe iliyoandikwa kwenye kibao cha Apoka, msuka vikapu wa mji wa Bolgatanga, ilikuwa mikononi mwa shemeji yake, Ayamga. Kila alipoulizwa alijibu, "Hakuna aliyeandika, shemeji. Wazungu wamechoshwa na vikapu."

Mwishowe Apoka akajiunga na darasa la kompyuta la watu wazima. Mwalimu wake, Lamisi, alimsaidia kuifungua anwani ile kwa namba ya simu yake iliyosajiliwa nayo, kisha akamwonyesha mahali pa kusoma barua zilizokwisha kutumwa.

"Mama, hii uliandika wewe?"

"Mimi najua kuandika? Nisomee."

Lamisi akasoma polepole: "Apoka amefariki. Kazi yake naiendeleza mimi, Ayamga. Niandikieni kwenye anwani hii mpya."

Lamisi akimwonyesha herufi, Apoka akamwandikia mteja mmoja, kwa kidole kimoja, barua yake ya kwanza: "Mimi ni Apoka. Ni mzima. Bado nasuka."

Jibu lilifika kesho yake. Mteja huyo alisema Ayamga alikwisha kuwaonya wateja wote kuhusu matapeli watakaotumia jina la marehemu, akaomba asisumbuliwe tena.

Lamisi alitaka wajaribu mara nyingine.

"Acha, mwanangu," Apoka akasema. "Wameshanililia."