Kamera Iliyomfuata Bariki

Kamera mbili zilifungwa kwa majaribio juu ya mnara mpya wa hali ya hewa kilimani Gungu, na Yunisi ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua moja ibaki. Ya kwanza haikugeuka. Ilitazama ziwa zima, kuanzia Ujiji hadi kaskazini, na boti zilionekana humo kama punje za mtama. Ya pili iligeuka utakako, ikakuvutia kitu cha mbali mpaka ukakiona kama kiko barazani kwako. Nani angehangaika na ile ya kwanza? Fomu ya kupendekeza hii ya pili Yunisi alishaijaza asubuhi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuisema: ukiona wingu baya, mpigie Rozalia kule bandari ya Kibirizi apandishe bendera nyekundu, boti zisitoke.

Siku hiyo Bariki, mumewe wa miezi minne, alikuwa ameelekea kaskazini na boti ya mizigo ambayo injini yake ilikuwa ikikohoa tangu juzi. Yunisi alimwogopea sana. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, bwana. Mpe mke mwenye hofu kamera inayogeuka, uone itageukia wapi. Tangu saa nane alimfuata mumewe, akaiona kofia yake, akamwona akiinamia injini, roho ikimpaa kila boti ilipolala ubavu. Picha za kamera ya kwanza hakuzitupia jicho.

Karibu saa kumi bati la paa likaanza kugonga. Upepo ulikuwa wa kusini. Yunisi akageukia skrini ya kamera ya kwanza, akakuta upande wa Ujiji mweusi tii.

Kwanza alimpigia Bariki, akamwambia aingie nchi kavu. Kisha ndipo akampigia Rozalia.

"Dada Rozalia, pandisha bendera."

"Napandisha. Lakini za kusini zimeshatoka, yapata nusu saa. Mume wangu Feliksi yumo." Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulimtisha Yunisi kuliko upepo. "Wewe uko juu huko, mdogo wangu. Unamwona?"

Akaielekeza kusini ile kamera nzuri. Mvua tupu, nyeupe. Akazirudisha nyuma picha za ile isiyogeuka. Saa tisa na robo wingu lilikuwepo, dogo, juu ya maji. Saa tisa na nusu limevimba, na boti tatu zinatoka Kibirizi zikilielekea. Saa tisa na dakika hamsini boti zilikuwa mbili.

"Yunisi?"

"Nipo, dada."

"Mara ya mwisho ulimwona wapi?"

Alitaka kusema uongo, Mungu amsamehe. Aliutafuta, akaukosa.

"Sikuwa nikimtazama," akasema.