Kifuniko cha Dumu

Mume wangu Librado aliapa hatarusha kitu tena maishani, na akakishika kiapo miaka thelathini. Hata jiwe la kumfukuzia mbwa hakurusha. Alikuwa mtupaji wa besiboli, na ulikuwa msimu ambao hakuna mpigaji aliyeweza kuugusa mpira wake, kocha akamtupisha leo, kesho na kesho kutwa, mpaka bega likapasuka. Mkono ule haupandi kupita kifua. Mimi ndiye ninayemchana nywele kila asubuhi, naye hujifanya anapiga mwayo ili asinitazame kwenye kioo.

Yeye aliridhika. Mimi sikuridhika hata kidogo! Hapa kwetu, kwenye nyumba za kiwanda cha sukari, wanaume hubishana dukani kwa Chencho mpaka mate yawakauke: nani mtupaji bora wa besiboli aliyewahi kutokea? Watawataja wote, hata waliokuwa wakitupa kama wanamwagia kuku mahindi. Librado hatajwi. Na yuko pale pale, amekaa na soda yake, anawasikiliza. Damu inanichemka.

Jumapili moja akarudi Wilkin Severino kutoka Marekani, anakolipwa kupiga mipira, mkufu shingoni mnene kama mnyororo wa ng'ombe. Vijana wakaanzisha mchezo wetu wa barabarani, mbele ya duka: gongo ni mpini wa ufagio, mpira ni kifuniko cha dumu la maji, na nyuma ya mpigaji kuna bati; kifuniko kikiligonga ni kosa, na makosa matatu yanamtoa. Kifuniko hakihitaji bega. Hurushwa chini chini kwa kifundo cha mkono, na hewani kinapinda kinavyotaka. Wilkin akavipiga vyote, vingine vikaruka paa la kanisa.

"Nileteeni mtu basi!" akapayuka. "Au mmebakiwa na wazee tu?"

"Ukimwona kobe kainama, ujue anatunga sheria," nikamjibu. "Mjaribu Librado hapo."

Watu wakaangua kicheko. "Bi Nereida, mkono wa mzee si wa kutundikia koti huo?"

Librado akanigeukia. "Nerei, niache."

"Nimekuacha miaka thelathini. Watu wakuone mara moja tu, kabla sijakuzika."

Librado akaweka chupa chini, akainuka. Jamani nilifurahi, nusura nipige vigelegele.

Akakisugua kifuniko kwa kidole gumba, mkono ukiwa karibu na nyonga. Cha kwanza kikaja kimenyooka, halafu kikazama. Wilkin akapiga hewa. "Jua limeniingia machoni," akasema. Cha pili kikaja kama kinamlenga Wilkin mgongoni, akaruka kukikwepa, nacho kikakata kona kikagonga bati. Cha tatu alikipigia kwa nguvu zote, akakikosa, akakaa kitako vumbini.

Barabara nzima ikalipuka kwa shangwe. Wilkin akajipangusa suruali, akaja kofia mkononi.

"Mzee, shikamoo. Wewe ni nani?"

"Librado Mañón!" nikapiga kelele mimi. "Lishikeni hilo jina!"

Wakalishika. Duka zima likawa linamwita, kila mtu anataka kumnunulia soda. Yeye akawashukuru mmoja mmoja, akitabasamu, mpaka nikamshika mkono tukarudi nyumbani.

Alikaa kitandani bila kuvua kofia, akaniambia nifunge mlango. Kifuniko bado kilikuwa kiganjani. Nilidhani anakishika kwa fahari, kumbe analia.

"Hukufurahi, baba?"

"Nilijiambia vilikufa siku moja, bega na ufundi. Nikazika, nikakaa matanga, nikamaliza." Akavitazama vidole vyake. "Kumbe vinajua kila kitu, Nerei. Havijasahau hata kimoja. Miaka yote hii nimezika mtu aliye hai."

Roho iliniuma. Nikaketi ubavuni kwake, nikaushika mkono ule mpaka akatulia.

Asubuhi nikachukua kitana kama kawaida. Safari hii hakupiga mwayo. Alinitazama kwenye kioo, moja kwa moja, macho mekundu. Na huko nje vijana wakaanza: "Librado! Librado Mañón! Njoo ututupie!" Lile jina nililolitamani miaka yote, linaitwa chini ya dirisha langu.

"Waambie mzee amelala," akasema.

Nikaenda mlangoni, nikawaambia mzee amelala, nikarudi kummalizia nywele.