Kiti Kina Mwenyewe

Jumamosi, saa nne asubuhi, Hamida Shemboza wa Temeke alikuwa Usambara na wenzake wa ofisini, raba mpya miguuni, wakipanda barabara ya mawe iliyochongwa enzi za Mjerumani. Wenzake walifuata hewa safi na picha. Yeye alitumwa na baba yake, mzee Bakari, ambaye kila mwaka humsomea khitma babu yake, aliyechukuliwa kujenga barabara hiyo asirudi. Mzee alitaka kaburi tu, basi, alijue kabla na yeye hajachimbiwa lake.

Kibao kilisema barabara ilijengwa na Bwana Inspekta. Peke yake, ati! Mbele ya kibao hicho walipita wanaume kumi na wanane, mawe mabegani.

“Marehemu hao, wapo kila siku,” alisema Daniel, mwongoza wageni. “Pigeni picha, ila msiwaguse. Ni historia.”

Watu wakapiga picha. Wa tano kwenye mstari alikuwa kijana wa miaka ishirini na tano hivi, paji la uso la mzee Bakari lile lile.

Sasa Hamida kalelewa. Hawezi kumpita mkubwa wake ana mzigo, yeye mikono mitupu.

“Shikamoo, babu. Lete nikupokee.”

“Marahaba. Wewe wa nani?”

“Wa Bakari Shemboza.”

Kijana akampa jiwe. “Wanapita wengi,” alisema. “Hawasalimii.”

Hamida alilia pale pale, mbele za watu, wala hakuona haya.

Kwenye basi babu alikaa dirishani. Temeke, mzee Bakari, miaka sabini na minane, alimwamkia kijana yule na kumsogezea mkeka. Khitma ya mwaka huo ilisomwa mwenyewe akiwepo. Alikula sahani mbili za pilau, akasifu viazi. Jiwe lao huzuia mlango usibamizwe na upepo.

Mwezi uliofuata Daniel alituma picha. Kibao kimepakwa rangi upya: Bwana Inspekta, peke yake vilevile. Hamida aliirusha kwenye grupu la mtaa. Shamimu wa nyumba ya pili akauliza kama mmoja wa wale wabeba mawe ana kovu shavuni. Yupo, Daniel akajibu Hamida alipomuuliza.

Jumamosi hii wanaondoka na kosta nzima, nusu ya viti vitupu. Shamimu kaweka mkoba kwenye kiti cha pembeni yake, na kila anayetaka kukikalia anaambiwa kina mwenyewe.