Lifti ya Mgeni Rasmi

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe tisa mwezi wa tatu, siku ile walipolifungua tena jengo la Duka Kuu. Kabla ya hapo mambo yalikuwa mabaya tu, mabaya ya kawaida, kama ya kila mtu. Siku hiyo ndipo yalipoharibika.

Aliyekulia mji ule alilijua Duka Kuu. Ghorofa nne katikati ya mji, vioo vya mbele virefu kuliko mtu, na masanamu ya kike yamevalishwa makoti. Waliuza kila kitu humo, vijiko mpaka vitanda, halafu siku moja wenye mali wakafunga milango wakaondoka bila kuaga. Vioo vikabandikwa magazeti, popo wakahamia juu, na masanamu yakabaki uchi humo ndani, mikono imenyooshwa kama yanaomba nauli. Miaka ikapita. Ndipo wakubwa wakaja na akili yao mpya: jengo likatwekatwe kwa mbao nyepesi, vitoke viduka vidogovidogo, wapewe mafundi na wachuuzi wa barabarani. Wakapiga domo redioni wiki nzima. Jengo la wananchi, walisema. Walilisema mpaka wananchi wenyewe wakaanza kuwa na wasiwasi.

Fundi na mkewe walipata chumba ghorofa ya tatu. Walikuwa washonaji. Mume alishona, mke alikata, na kwa kukata kwake watu walimwita Mama Mkasi. Chumba chao zamani kilikuwa cha kujaribia nguo, na ukutani kilibaki kioo kizima, cha utosini mpaka unyayoni. Mama Mkasi alipokiona alicheka kama msichana.

"Mzee, miaka yote hii wateja wangu wanajitazama kwenye kioo cha kunyolea ndevu. Sasa watajiona na miguu yao."

"Wengine ni heri wasijione."

"Ndiyo maana wewe nakuficha nyuma ya cherehani."

Asubuhi ya ufunguzi walifika na mizigo yao kwenye mkokoteni. Lifti walikuwa wameahidiwa. Bila lifti wasingekubali ghorofa ya tatu, maana daktari alishamwambia Mama Mkasi autunze moyo wake. Lakini mlango wa lifti, ule wa kizamani wa vyuma vya kukunja ambao mtu anaona mpaka ndani, ulikuwa umefungwa kamba nyekundu. Ndani pametandikwa zulia. Askari wa mlangoni akasema lifti haitumiki, ngazi zile pale. Na ngazi zenyewe zimepakwa rangi nyeupe jana yake, kwa hiyo asionekane mtu ametua mzigo juu yake, kwani mgeni rasmi atapanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi, akipunga mkono.

Sasa watu hawa wawili walikuwa na mtindo wao. Wakihama, na walihama sana, maana kufukuzwa barabarani ilikuwa kama kazi yao ya pili, mume alibeba miguu ya cherehani na mke akabeba kichwa. Kichwa hakumwachia mtu. Kilikuwa chuma cha zamani, kizito kama mtoto aliyelala, na ukikilaza ubavu kinamwaga mafuta. Mahali pengine popote angekitua akapumzika. Juu ya ngazi nyeupe za mgeni rasmi, askari akimtolea macho kila alipoyumba, hakukitua. Alipanda amekikumbatia kifuani. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu akasimama.

"Mzee, ningoje kidogo."

Akachuchumaa polepole, akakaa, akakiweka kile kichwa mapajani mwake. Sio kwenye ngazi. Mapajani. Mafuta yakaingia kwenye gauni lake. Akainamisha uso juu ya chuma kama mtu anayesikiliza kitu ndani yake, na hakuuinua tena.

Walipokuwa wakimteremsha, Fundi ameshika mabega na wachuuzi wawili wameshika miguu, kengele ya lifti ikalia. Lifti ikapita ubavuni mwao ikipanda. Kupitia vile vyuma Fundi aliona vichwa kwanza, kisha tai, kisha viatu vinavyong'aa, vikaenda zao juu. Huko chini watu walikuwa wakipiga makofi.

Baada ya mazishi, Meneja wa jengo alituma salamu za pole pamoja na maelezo ambayo hakuna aliyemwomba. Lifti, alisema, ilikuwa mbovu tangu asubuhi. Mafundi walihangaika nayo, ikapona wakati ule ule mgeni rasmi anashuka garini. Na marehemu, kama tujuavyo, alikuwa mgonjwa. Basi, kazi ya Mungu.

Fundi alisikia akauma meno. Ajabu ya lifti inayopata nafuu kwa harufu ya mkubwa! Na Mungu naye, kila wakivuruga wao, anatwishwa yeye.

Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu. Hakutaka fidia wala wimbo. Alitaka mtu mmoja mwenye mdomo asimame mbele za watu aseme kwamba lifti ilikuwa nzima, na yule mama hakupaswa kupanda kwa miguu. Hilo lisiposemwa, mkewe alikuwa amekufa kwa uzembe wake mwenyewe, kwa kuwa na moyo mbovu mahali pa watu wenye shughuli.

Mwenyekiti wa wenye viduka, muuza simu mwenye tumbo na ulimi laini, akaja akakaa kwenye kiti cha Mama Mkasi bila kukaribishwa.

"Ndugu yangu, tumekufikiria. Pale chini, mlangoni kabisa, palipokuwa pakiuzwa manukato, pana nafasi. Mteja akiingia anakuona wewe kwanza. Hama, upumue."

"Nashukuru. Nipo hapa."

"Na yale maneno ya lifti, ndugu yangu, tuyaache yapoe."

"Yatapoa, Mwenyekiti. Hata mke wangu amepoa."

Mwenyekiti akaondoka akijifuta shingo. Hakufika mbali, shemeji akaingia. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu, muuza nywele za bandia chumba cha pili, na alikuwa amesikia kila kitu, maana mbao zile hata ukimeza mate jirani anajua. Mkononi alishika wigi, amelivalisha ngumi yake.

"Shemeji, mlangoni! Wanakupa mlangoni, na wewe unawajibu upuuzi!"

"Wananinunua."

"Si wakununue! Nani mwingine atakutaka, na hiyo sura?" Kisha akashusha sauti. "Yule alikuwa dada yangu. Usifikiri umelia peke yako. Lakini wakikutoa wewe na mimi natoka, na mimi nina watoto. Huo ukweli wako utawavisha viatu?"

Fundi aliinua uso. Alitazama kioo. Ndani yake walikuwa watatu: yeye, shemeji, na lile wigi.

Alijua wa kumwendea. Mwendesha lifti alikuwa mzee waliyemwita Juu-Chini, na ndiye aliyeiendesha lifti ile ile enzi za Duka Kuu lenyewe. Duka lilipofungwa hakwenda mbali. Alikaa nje ya vile vioo aking'arisha viatu vya wapita njia, kama mume anayemngoja mke aliyekwisha kuolewa kwingine. Walipofungua tena walimrudishia koti lake lenye vifungo vya shaba. Yeye alikuwa amekonda, koti halikukonda.

Fundi akaingia kwenye lifti. Vyuma vikafungwa, wakabaki wawili.

"Ghorofa?"

"Yoyote. Nina swali."

"Humu tunauliza ghorofa tu."

"Siku ile, Juu-Chini. Lifti ilikuwa nzima?"

Mzee akabonyeza. Lifti ikapanda ikiguna.

"Kesho kuna mkutano," Fundi akasema. "Neno moja tu, mzee wangu. Sikuombi hotuba."

"Nimekaa pale nje nikisugua viatu," Juu-Chini alijibu, akiviambia vile vitufe. "Unajua mtu anavyoonekana ukiwa pale chini? Matundu ya pua. Hana macho, hana jina, matundu ya pua tu. Sirudi kule, Fundi. Nisamehe. Ghorofa ya tatu hii, shuka."

Mkutano ulifanyika ghorofa ya nne, ambayo ilikuwa haijakatwa vyumba. Watu walikaa juu ya makreti, na nyuma yao masanamu ya zamani yamerundikwa, mengine mikono imetoka. Mbele palikuwa na meza yenye kitambaa na chupa za maji. Nyuma ya meza walikaa Meneja, Mwenyekiti, na bwana mmoja wa Baraza la Mji aliyekuja na miwani ya jua asiivue. Wakazungumza usafi. Wakazungumza saa za kufunga. Wakazungumza vyoo mpaka vyoo vikachoka. Halafu Mwenyekiti akasoma: "Mengineyo."

Fundi akasimama. "Mimi nipo hapo kwenye mengineyo."

Mtu mmoja alicheka, akakumbuka ni nani aliyesema, akakatisha.

"Nauliza mbele ya watu. Tarehe tisa asubuhi, lifti ilikuwa nzima au mbovu?"

"Ndugu zangu," Mwenyekiti akadakia, "tusimame dakika moja tumkumbuke mwenzetu."

"Kaeni," Fundi akasema. "Yeye alisimama kwa niaba yenu nyote."

Walikaa. Meneja akakivuta kipaza sauti karibu, ingawa hakikuwa kikifanya kazi.

"Hili tulishalijibu. Ilikuwa mbovu. Na kwa kuwa mnalazimisha, niseme aliyeiharibu. Huyu mzee wenu wa lifti. Alikuwa anachokoachokoa mitambo tangu alfajiri, akakoroga kila kitu. Ni huruma yetu tu kwamba bado yupo."

Vichwa vyote vikageuka. Juu-Chini alikuwa amesimama mlangoni mwa lifti yake, kofia kwapani. Angeitwa mlevi, angenyamaza. Angeitwa mwizi, pengine angenyamaza pia, maana njaa anaijua. Lakini midomo yake ilianza kutetemeka kama ya mtoto aliyesingiziwa.

"Mimi? Niiharibu lifti yangu?"

"Mzee, kaa chini."

"Ulikuwa bado unanyonya, mheshimiwa, mimi naipandisha lifti hii! Nimepandisha maharusi. Nimepandisha piano. Nimepandisha mama mjamzito akajifungulia kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na bado nilimfikisha! Haijakwama mkononi mwangu hata siku moja. Asubuhi ile niliijaribu juu mpaka chini, chini mpaka juu, ikaenda kama maji. Ilikuwa nzima! Nzima kuliko wewe!"

Ukumbi ulilipuka. Makreti yaligongwa. Shemeji, aliyekuwa amejificha nyuma kabisa, alisimama juu ya kreti lake akapiga kelele, "Mmesikia? Mmesikia nyote?" Kisha akalia kwa sauti, mbele ya watu wale wale aliowaogopa.

Na Fundi? Kile alichokitaka kilikuwa kimesemwa, na kimesemwa vizuri kuliko alivyotarajia. Alidhani angesikia kitu kikitua moyoni. Hakikutua kitu. Mkewe alikuwa amekufa vile vile, ila sasa alikuwa amekufa karibu na lifti nzima.

"Juu-Chini," akasema, na watu wakanyamaza. "Nani alikuambia uifunge?"

Mzee alivuta pumzi ndefu. "Walikuja wamejaa mlangoni pa lifti. Hawa na wengine. Mmoja akasema lifti isibebe mtu mpaka mgeni afike. Wengine wakasema ndiyo, ndiyo. Nikafunga."

"Mmoja yupi?"

"Simjui."

"Unaogopa?"

"Niogope nini tena? Unga wangu si umeshamwagika, huoni?" Akageuza kofia mikononi. "Enzi za Duka Kuu tulifundishwa, mwendesha lifti hamtazami mteja usoni. Anatazama vitufe. Ukimtazama mke wa mtu, kesho huna kazi. Ndivyo nilivyozeeka, Fundi. Watu wote wa mji huu nimewapandisha wakiwa mgongoni kwangu. Waliposema, sikugeuka. Sikujua kwamba hiyo ndiyo siku ya kugeuka."

"Sauti je?"

"Wakishavaa tai sauti yao ni moja."

Macho yakarudi mezani. Meneja akamtazama Mwenyekiti.

"Mimi nilikuwa nahangaika na viti," Mwenyekiti akasema haraka. "Mambo ya itifaki ni ya Baraza."

"Baraza lilialikwa tu," akasema yule bwana wa miwani. "Jengo lina uongozi wake."

"Uongozi hautoi amri ya lifti bila kuambiwa," Meneja akasema. "Na mimi wakati huo nilikuwa kwenye simu."

Walikuwa wanatupiana kitu kile kama watu wanaotupiana kaa la moto, na kila aliyekidaka alikuwa ameshajiandaa kukiachia. Nyuma, wengine walianza kuinuka taratibu, mmoja mmoja, maana wateja walikuwa wanafika na viduka havina mtu. Makreti yalirudishwa ukutani bila kelele. Juu-Chini alikuwa anafungua vifungo vya shaba, kimoja baada ya kingine, kabla hajaambiwa.

Fundi akaenda mpaka kwenye meza ile, akaweka viganja viwili juu ya kitambaa, akainama. Akamtazama Meneja usoni. Akamtazama Mwenyekiti. Akanyoosha mkono, akaivua ile miwani ya jua taratibu, akaiweka mezani, akayatazama na macho yaliyokuwa nyuma yake, ambayo yalikuwa macho ya kawaida tu, yenye usingizi.

"Maneno yale yalitoka kwenye mdomo," akasema, "na mdomo ule ulikuwa wa mtu. Ni nani kati yenu?"