Kichupa cha Nkwabi

Nesi alisema kichupa kisipoe, na kifike ndani ya saa moja. Basi Nyamizi alikibana kwapani, akapanda bodaboda kutoka mwaloni, mumewe Nkwabi anakochenjua dhahabu, hadi zahanati moja ya Katoro, akimwomba Mungu kwenye kila shimo la barabara. Miaka saba ya ndoa alikuwa amepimwa yeye tu. Alikuwa amechanjwa chale tumboni, amepigwa picha ya mirija ya uzazi hadi akazimia, na kila alipoona haya, mama mkwe wake, Mageni, alimwambia mficha uchi hazai. Nkwabi naye kupimwa? Mwanamume mzima? Hilo lilikubaliwa mwaka huu, tena kwa shingo upande.

Majibu yalitoka siku hiyo hiyo: mbegu nyingi, zenye nguvu. Nesi aliuliza mume anafanya kazi gani. Nyamizi akasema anachoma dhahabu, mwaka wa kumi na moja sasa, anaikamata kwa zebaki mikono mitupu na moshi wote unamwishia puani; mwenye mwalo hajawahi kumnunulia hata glavu. Nesi akaitazama karatasi mara ya pili.

"Basi ana bahati," alisema. "Zebaki huharibu mbegu."

Nyumbani, Nkwabi aliisoma karatasi akalia. Nyamizi alidhani ni furaha, akamshika bega.

"Si yangu," Nkwabi alisema. "Ni ya Abel."

Abel ni mdogo wake, baba wa watoto watano. Nkwabi alieleza huku macho yakiwa chini: kichupa alikijaza Abel; yeye alishapima mwaka juzi, kwa siri, akaambiwa hana hata mbegu moja. Nyamizi alipandwa na hasira. Mwaka juzi ndio mwaka aliochanjwa tumbo, na Nkwabi ndiye aliyemshika mikono asijitikise. Kisha akaona vidole vya mumewe vinavyotetemeka kwa zebaki, akamhurumia, na huruma ile ikamuudhi kuliko hasira.

"Usiniseme," Nkwabi aliomba. "Wakijua, nimekwisha."

Jumapili wazee wa ukoo walikaa. Mzee Magesa, baba mkubwa wa Nkwabi, aliisoma karatasi kwa sauti, taratibu, kama waraka wa askofu. Abel hakupepesa jicho. Tena ndiye aliyesema damu yao ni nzima, sasa ijulikane tatizo liko wapi. Hakuna aliyemtukana Nyamizi. Walimwita mwanetu. Walisema hafukuzwi, atakaa hapa hapa, ila Nkwabi ataletewa binti kutoka Masumbwe, na ng'ombe wa mahari wameshapatikana.

"Mwanetu, una neno?" Magesa aliuliza.

Nyamizi alimtazama mumewe. Akisema, nani atamwamini mbele ya karatasi yenye muhuri? Akinyamaza, utasa ni wake hadi kaburini. Alisubiri Nkwabi aseme mwenyewe. Alisubiri mpaka wazee wakaanza kukohoa, na Nkwabi bado anatazama miguu yake.

"Sina, baba," alisema.

Binti aliletwa baada ya mavuno. Aliitwa Martina, ana miaka kumi na tisa, anacheka upesi, anaimba akitwanga. Miezi mitano ilipopita bila dalili ya mimba, Mageni alileta mizizi ya kusafisha kizazi, akamwagiza Nyamizi aichemshe. Nyamizi aliichemsha. Martina aliinywa yote huku amefumba macho, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Ahsante, dada," alisema.