Karatasi za Kufungia Karanga

Karanga zilipopoa, mama alianza kukunja karatasi na binti yake akafuata. Hii ndiyo kazi pekee aliyoiweza binti. Alikuwa na miaka tisa, darasa la kwanza kwa mara ya tatu, na ukimtuma chumvi dukani anarudi na tabasamu tu. Lakini mpe karatasi, atakukunjia pembe isiyodondosha hata punje moja. Mama alimwita Fundi.

Karatasi zenyewe zilikuwa za bure. Meza yao ilikuwa nje ya hospitali, hatua chache kutoka dirisha la dawa. Pale dirishani vidonge vilitolewa kwenye maboksi, vikatiwa kwenye bahasha ndogo za kaki, na karatasi za maelezo zilizokuwa ndani ya maboksi zikatupwa. Mfagizi alimwekea mama. Zilikuwa safi, laini, zimejaa maandishi madogo ya lugha ya kigeni.

Asubuhi hiyo daktari mpya, kijana ambaye koti lake jeupe bado lilikuwa na mikunjo ya dukani, alinunua karanga, akala, akasoma karatasi iliyozifungia. Akaacha kutafuna.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Pale dirishani. Hizo si ndizo dawa zangu za kifafa?" mama alisema, kwa fahari kidogo. "Naujua huo mchoro, uko kwenye maboksi yao. Mwaka wa kumi na mbili huu nazimeza."

Daktari alitazama tumbo la mama, mimba ya miezi minne, kisha akamtazama Fundi.

"Na huyu ulimbeba ukizimeza?"

"Sikukosa hata siku moja. Si ndivyo walivyoniambia?"

Daktari alimsomea polepole, akitafsiri: mjamzito asipewe dawa hii kama ipo nyingine, mtoto anaweza kuchelewa kutembea, kusema, kujifunza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Miaka yote mama mkwe alisema mtoto amerogwa, mwalimu akasema mvivu, mume akasema ni damu ya ukoo wenu. Naye alikuwa ameanza kuwaamini.

"Basi naziacha leo leo."

"Usithubutu! Ukiacha ghafla utaanguka, uumie wewe na huyo wa tumboni. Nenda waambie wakubadilishie."

Mama alijua kuanguka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la siku alipoangukia jiko. Akaenda dirishani, Fundi nyuma yake.

"Nyingine haijaletwa, dada," alisema muuguzi wa dirishani, aliyemhudumia tangu mwanzo. "Ni hii hii." Akasogeza fomu. "Tena afadhali umekuja. Kesho wakaguzi wanafika. Weka sahihi hapa."

"Inasemaje?"

"Kwamba ulielezwa madhara ya dawa, ukakubali."

"Nimeelezwa leo, sista. Tena na mteja wangu wa karanga."

"Si umeelezwa? Weka sahihi, dada, watu wanasubiri."

Bahasha ya kaki ilikuwa chini ya kiganja cha muuguzi. Vidonge vya nyumbani vilikuwa vimekwisha jana. Mama akaweka sahihi.

"Tarehe acha, nitajaza mwenyewe."

Akajaza. Lugha ya fomu mama hakuijua, lakini tarakimu alizijua. Ulikuwa mwaka wa kabla ya Fundi kuzaliwa.

"Sista, umekosea mwaka."

"Sijakosea." Muuguzi alichana nakala, akamsukumia pamoja na bahasha. "Anayefuata!"

Mama alirudi mezani akakaa. Mteja alikuwa amesimama, anasubiri. Alitaka kupiga kelele, hakujua ampigie nani. Nakala ikamponyoka mkononi.

Fundi aliiokota. Akainyoosha kwa kiganja kama alivyofundishwa, akaikunja, akabana ncha yake vizuri, akamnyooshea mama.

"Mama, tia. Hii haidondoshi."